Kushona jeraha: ninavyofundisha nusu kwa simu, nusu mezani

Kama unafundisha wanafunzi wa udaktari hapa Uganda, unaijua meza ya mazoezi: wanafunzi 40 wamekuzunguka, wa mbele wanaona mikono yako, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Unashona mara moja, saa inakwisha. Jumamosi usiku majeruhi wa bodaboda wanaletwa kasualti, na yule aliyesimama nyuma ndiye anayekabidhiwa sindano na uzi ambao ndugu wa mgonjwa wameununua kwa shida.

Niliacha kufundisha hivyo. Sasa natumia mafunzo mseto. Ya kutazama na kusikiliza nayapeleka kwenye simu. Saa za mezani nazitunza kwa ajili ya kitu ambacho simu haina, yaani jicho la mwalimu juu ya mkono wa mwanafunzi.

Hatua ya 1: Chagua stadi chache

Mimi huanza na tatu: kuvaa glovu bila kuzichafua, kushona nyuzi moja moja, na kufunga fundo. Mengine yatangoja.

Hatua ya 2: Rekodi video mbili fupi

Simu ya kawaida inatosha. Ifunge kwenye stendi ya dripu, ikae juu ya bega lako ikitazama chini, ili mwanafunzi aone mikono yako kama anavyoiona yake. Video yangu ya kwanza niliirekodi kutoka upande wa mbele. Kulia kukawa kushoto, na darasa zima likafunga mafundo kinyume.

Katika video ya kwanza, shona kwa kasi yako ya kawaida, kimya. Katika ya pili, shona polepole ukieleza kila kitendo. Hizo ni hatua mbili za mwanzo za njia ya hatua nne ya daktari wa upasuaji Rodney Peyton. Mbili zilizobaki ni za mezani. Nasimulia kwa Kiswahili, kwa kuwa darasani nina Waganda, Wakenya, Watanzania na Wakongo.

Usiache kusema haya. Koleo liibane sindano theluthi mbili kutoka nchani. Ncha iingie ngozini wima, digrii 90, milimita 5 hivi kutoka ukingo wa jeraha. Usiisukume sindano: zungusha kifundo cha mkono, ifuate mpindo wake yenyewe, itokee upande wa pili umbali ule ule. Kwa fundo, zungusha uzi mara mbili kwenye koleo na uvute; kisha mara moja kwa upande wa kinyume; kisha mara moja tena, ukigeuza upande. Kingo zigusane tu. Ngozi ikigeuka nyeupe, umekaza mno, damu haipiti, na hapo kidonda hakiponi vizuri.

Video isizidi dakika 4. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12. Facebook nayo ilifungwa nchini Januari 2021, kwa hiyo mimi hutumia WhatsApp, na kiongozi wa darasa huwanakilia kwenye flashi wale wasio na bando.

Hatua ya 3: Mpe kazi ya nyumbani ya mikono

Kutazama peke yake hakumfundishi mtu kushona. Kila mmoja afunge mafundo 50 kwenye mguu wa kiti kwa kamba ya mgomba, kisha anitumie picha siku moja kabla ya kipindi. Kamba ya mgomba iliyokauka hukatika ukiivuta kwa pupa, na hilo ndilo somo lenyewe: mkono ujue nguvu kidogo ni kiasi gani. Asiyetuma picha simfukuzi. Namweka kwenye meza iliyo karibu nami.

Hatua ya 4: Mezani

Wanafunzi wanne kwa meza. Anza na ganda la matoke, maana linachanika mara tu sindano ikivutwa vibaya. Halafu mguu wa mbuzi wenye ngozi, kutoka buchani. Wapo wanaotumia wa nguruwe. Wa mbuzi hakuna mwanafunzi anayeukwepa.

Kwanza mwanafunzi akuelekeze. Anasema, wewe unatenda alichosema tu, na akiruka kitendo unasimama. Hapa ndipo utajua nani aliielewa video na nani aliitazama tu. Kisha ashone mwenyewe huku akieleza. Sahihisha kosa moja kwa wakati mmoja; ukimtajia matano, mkono wake utaanza kutetemeka.

Kabla ya yote, hakikisha kila mmoja amekamilisha chanjo ya homa ya ini B. Sindano ishikwe kwa kibano, kamwe si kwa vidole. Haifunikwi tena, ikimaliza kazi inaingia kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, na zote zihesabiwe kabla ya kufunga kipindi. Na waambie waziwazi: ukichomwa wodini, usione aibu, toa taarifa papo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Hatua ya 5: Arudishe video yake

Baada ya wiki moja, mwanafunzi ajirekodi akishona, mikono tu. Namjibu kwa sauti, usiku nikiwa nyumbani. Inachosha, sikatai, lakini hapo ndipo namjua kila mmoja kwa mikono yake.

Hatua ya 6: Mgonjwa wa kwanza

Mgonjwa aambiwe kwamba ni mwanafunzi, na akubali. Simama pembeni, glovu zako zikiwa tayari mkononi. Aliyeshona ndiye atakayetoa nyuzi: usoni siku ya 5, kichwani kati ya siku ya 7 na ya 10, mguuni kati ya siku ya 10 na ya 14. Tarehe iandikwe kwenye daftari la mgonjwa, na mwanafunzi aiandike pia kwenye simu yake.