Betri mpya, chaji haipandi: pa kuanzia kabla ya kuirudisha

Umeweka betri mpya kwenye kompyuta mpakato, umechomeka chaja, mashine inawaka, lakini chaji haisogei. Usikimbilie kumlaumu muuzaji. Betri inayogoma kuchaji si lazima iwe mbovu.

Hatua ya 1: Imekwama asilimia ngapi?
Ikiwa imesimama kwenye 60 au 80, shuku kikomo cha chaji. Lenovo, ASUS, Dell na wengine wana mpangilio wa kulinda betri unaozuia chaji isijae. Mpangilio huo unakaa kwenye mashine, kwa hiyo betri mpya inaukuta hapohapo. Lenovo utafute ndani ya programu ya Vantage, ASUS ndani ya programu ya MyASUS, Dell angalia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaanza.

Hatua ya 2: Chaja
Hapa ndipo watu hununua betri ya pili bure. Soma kibandiko cha chaja, zidisha volti kwa ampea upate wati: 19.5 kwa 3.34 ni kama 65. Mashine ya wati 65 ukiipa chaja ya 45 inaweza kuwaka vizuri huku betri ikichaji kwa kusuasua, au isichaji kabisa. Halafu chungulia kichwa cha chaja. Chaja nyingi za Dell na HP zenye kichwa cha duara zina pini nyembamba katikati, na kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda, au waya wake ukikatika, mashine inapata umeme lakini inaweza kukataa kuchaji. Kama unatumia USB-C, jaribu tundu lingine na waya mwingine. Si kila tundu linapokea chaji.

Hatua ya 3: Mwaga umeme uliobaki
Zima, chomoa chaja, chomoa betri. Ikiwa ya ndani, toa plagi yake kwa kucha au kipande cha plastiki, bisibisi weka mbali. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30. Rudisha betri na uhakikishe plagi imezama yote.

Hatua ya 4: Windows
Fungua Device Manager, sehemu ya Batteries, ondoa Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery, kisha washa upya. Itajirudisha yenyewe.

Hatua ya 5: Ripoti
Kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika `powercfg /batteryreport`, ufungue faili utakaloelekezwa. Linganisha Design Capacity (ujazo iliotengenezewa) na Full Charge Capacity (ujazo inaofikia sasa). Zikiachana sana, au Cycle Count (idadi ya mizunguko ya kuchaji) ikiwa ya mamia, hiyo "mpya" imeshatumika. Sasa una ushahidi wa kumpelekea muuzaji.

MASWALI

Mkuu, ya zamani imeandikwa volti 10.8, mpya 11.1. Nitaunguza mashine?
Hapana, zote ni za seli tatu mfululizo, tofauti ni ya uandishi tu. Ila 14.8 ni seli nne, hiyo usiiweke kwenye mashine ya 11.1.

Yangu ilikaa sana kwenye boksi, inaonyesha 0% tu.
Lithiamu ikishuka mno, saketi ya ulinzi hujifunga. Iache kwenye chaja saa kadhaa ukiwa karibu nayo, maana mwanzoni hupokea umeme kidogo sana. Ikikataa, irudishe. Wale wanaofundisha kuishtua kwa nyaya za moja kwa moja, achana nao. Ni njia ya kuwasha moto.

Inajaa 100 vizuri, lakini ikifika 30 inazima ghafla.
Kipimo chake huenda hakijazoea seli. Ijaze, itumie hadi izime yenyewe, kisha ijaze tena bila kukatisha. Ikirudia tabia hiyo, kuna seli dhaifu.

Sehemu ya kugusia panya imeinuka kidogo tangu niweke betri. Niendelee na hatua ya 3?
Usiendelee na lolote, dada. Hiyo betri inavimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, mpe fundi aitoe.