Taa za fulu hazitaki kuwaka? Pima kwanza, kununua baadaye

Fulu (mwanga wa mbali) ikifa, dereva anaweza kukaa muda mrefu bila kushtuka, kwa sababu kwenye barabara zenye taa dimu (mwanga wa karibu) inatosha. Siku akiingia barabara ya giza ndipo anagundua, na hapo haraka inamfanya anunue balbu, akishindwa anunue relei (swichi inayoendeshwa na umeme), akishindwa abadilishe swichi nzima. Nimemsaidia mtu aliyepitia njia hiyo yote, na tatizo lake lilikuwa kwenye soketi. Utaratibu ufuatao unahitaji taa ya testa (taa ndogo yenye klipu na ncha, huwaka ikikuta umeme), multimeta na subira.

Hatua ya 1: Elekeza gari ukutani

Subiri giza, washa taa, badilisha kutoka dimu kwenda fulu, utazame ukuta na dashibodi.

Kama upande mmoja ndio haupandi, tatizo liko kwa balbu, soketi au fyuzi ya upande huo, kwa hiyo usihangaike na swichi. Kama pande zote mbili zimekufa lakini taa ya bluu kwenye dashibodi inawaka, mara nyingi swichi imetoa amri na mkwamo uko mbele yake. Usisahau pia kwamba balbu zote mbili zinaweza kuwa zimekufa: ya kwanza ilikatika zamani, hakuna aliyeona, na sasa ya pili imeifuata. Kama fulu inawaka ukivuta mkono wa swichi kuelekea kwako, ule mtindo wa kumpigia mtu taa, lakini haikai ukiusukuma, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Hatua ya 2: Fyuzi

Magari mengi yana fyuzi moja ya kushoto na nyingine ya kulia, kwa hiyo si kawaida zote mbili kuungua kwa pamoja. Usiitoe na kuitazama tu. Iache mahali pake, washa fulu, gusa vichwa vyake viwili kwa testa. Vyote viwili vinatakiwa kuwasha testa. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile. Ikiungua tena kuna shoti, na fyuzi kubwa zaidi haiponyi shoti, inahamishia moto kwenye waya.

Hatua ya 3: Balbu

Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani yake: ya fulu ya wati 60 na ya dimu ya wati 55. Ndiyo maana dimu inaweza kuwaka vizuri huku fulu ikiwa imekatika. Gari lenye balbu tofauti za fulu huwa na HB3, H1 au H7. Hamisha balbu ya kushoto iende kulia. Tatizo likihama nayo, umemaliza kazi. Usishike kioo kwa vidole, maana mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto lisilo sawa na kupasuka.

Kama gari lina xenon (taa za gesi zisizo na uzi), zima kila kitu na uache soketi ile. Kuwasha xenon hutumia zaidi ya volti 20,000. Mara nyingi fulu ya xenon si balbu nyingine, ni kipazia kidogo kinachovutwa na sumaku ya umeme. Ukibadilisha kwenda fulu usisikie "tak" ndani ya taa, kagua waya wa sumaku hiyo.

Hatua ya 4: Relei

Ibadilishane na nyingine yenye namba ileile, kwa mfano ya honi. Inatosha.

Hatua ya 5: Soketi, moto na ethi

Moto hapa ni umeme unaotoka chanya ya betri, na ethi ni njia ya kuurudisha kwenye hasi. Hapa ndipo watu hupotelea saa nyingi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kupima soketi ikiwa imechomolewa. Multimeta haivuti mkondo wa maana, hivyo waya uliobakiza uzi mmoja mzima, au pini yenye kutu ya kijani, itaonyesha volti 12 safi. Balbu ya wati 60 inataka takriban ampea 5, na ampea 5 hazipiti hapo. Kwa hiyo pima balbu ikiwa imechomekwa na fulu imewashwa, ukiingiza ncha za multimeta kwa nyuma ya soketi. Weka ncha moja kwenye pini ya ethi ya balbu na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu: fungua boliti yake, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza upya. Kisha pima kati ya chanya ya betri na pini ya moto. Ikizidi volti 0.5, kuna sehemu inayokula umeme njiani.

Ya pili ni mbaya zaidi. Magari mengi ya zamani ya Kijapani yenye H4 hayawashi taa kwa kupeleka moto. Moto unafika kwenye pini moja muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi inachagua uzi upi upewe ethi. Ukibana testa kwenye bodi ya gari hili, ukachomoa soketi ya upande mmoja tu, utaona pini ya fulu ina moto ukiwa kwenye dimu, halafu moto unapotea ukiweka fulu. Fundi asiyejua mfumo huu atasema swichi imegeuzwa. Kumbe moto ule unarudi kupitia balbu ya upande wa pili.

Kwa hiyo chomoa soketi zote mbili. Bana testa kwenye hasi ya betri utafute pini yenye moto. Kisha bana testa kwenye chanya ya betri na uguse pini mbili zilizobaki: moja iwake kwenye dimu, nyingine kwenye fulu. Ya fulu isipowaka, ethi haifiki kutoka kwenye swichi. Na kwenye mfumo huu, kama dimu inawaka pande zote, acha fyuzi na relei kuu, maana fulu inatumia moto uleule.

Soketi iliyobabuka au kuyeyuka usiisafishe. Kata, unga mpya kwa solda, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kufunga kwa utepe peke yake sikubali, maji yataingia. Balbu za wati 100 ndizo huyeyusha soketi hizi, kwa hiyo zitoe.

Hatua ya 6: Swichi

Kama mkono unalegea au fulu inakuja na kupotea ukiutikisa, fungua kifuniko cha usukani na unyunyize dawa ya kusafishia kontakti. Kontakti zilizoungua hazirudi, badilisha swichi. Kabla ya kugusa chochote karibu na mfuko wa hewa, toa waya wa hasi wa betri na usubiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Na kama fulu iligoma mara baada ya kufunga balbu za LED kwenye gari la mfumo ule wa ethi, rudisha halojeni kwanza kabla ya kufungua usukani. LED nyingi za H4 zimetengenezwa zikitarajia ethi ikae muda wote kwenye pini moja, na gari hilo halina pini hiyo.