Adresi moja, netiweki mbili

Wadau wa Arusha mnaotumiana USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), kabla hujabonyeza tuma cheki netiweki kwanza, yaani blockchain ambayo hela inapita, maana adresi ya waleti inayoanza na 0x inakuwa ileile kwenye netiweki ya Ethereum na ya BNB Smart Chain, kwahiyo kufanana kwa adresi hakukuambii kitu. Juzi nipo soko la Kilombero nikamrushia jamaa yangu wa Moshi, ananipigia eti hela haijaingia, kumbe waleti yake (app ya kutunzia sarafu) imekaa upande wa Ethereum na mi nimetumia BNB, akabadili netiweki tu ikaonekana (presha ilishanipanda lakini). Kuitoa sasa ndo akakwama, hana BNB (sarafu ya netiweki hiyo) ya kulipia gesi, yaani ada ya kutuma, na ETH yake (sarafu ya Ethereum) huko haifanyi kazi. Ila ukituma kwenye soko la mtandaoni la kubadilishia sarafu (exchange) ambalo halipokei hiyo netiweki, hapo utalia. Anza na dola mbili, ikifika ndo malizia.