Kuandikisha anwani ya Malindi kwenye AIRE: mwongozo kwa nyumba yenye Mwitaliano

Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu, na hapa Malindi nyingi zinatoka kwenye nyumba ambazo baba ni Mwitaliano, mama ni wa hapa na watoto wana pasi za Italia. Sheria ya Italia namba 470 ya mwaka 1988 inamtaka raia anayehamia nje kwa zaidi ya miezi 12 ajiandikishe kwenye AIRE, daftari la Waitaliano wanaoishi ng'ambo. Ni bure. Anayekuja Desemba kuota jua na kurudi kwao Machi halimhusu.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Una siku 90 tangu kuhamia. Ukihama nyumba pia utoe taarifa, hata kama ni kutoka Casuarina hadi Mayungu tu. Zamani wengi walipuuza. Tangu 2024, asiyejiandikisha anaweza kutozwa yuro 200 hadi 1,000 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 5.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi. Pasi, kibali cha kukaa au kitambulisho cha mgeni, na ushahidi wa makazi. Hapo kwenye ushahidi ndipo watu hukwama. Stima ni ya tokeni: ujumbe unaoingia kwenye simu una namba ya mita, tarakimu za tokeni, tarehe, uniti na pesa ulizolipa, lakini hauna jina wala anwani yako, na mita yenyewe mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba. Usihangaike nayo. Leta mkataba wa kupanga uliotiwa sahihi na pande zote mbili, au bili ya maji yenye jina lako.

Hatua ya 3: Andika anwani itakayofikisha barua. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba, na posta haileti barua mlangoni. Kwa hiyo andika mtaa na namba ya kiwanja, kisha sanduku la posta na 80200 Malindi. (Walioko Lamu ni 80500.) Usitumie sanduku la hoteli ya rafiki, hoteli huku huuzwa, na ufunguo huenda na mwenye mpya. Kodi sanduku lako mwenyewe na ulilipie kila mwaka.

Nasisitiza hili kwa sababu Waitaliano wa nje hupiga kura kwa posta. Barua za uchaguzi zikirudi bila kupokelewa katika chaguzi mbili zilizopishana angalau mwaka mmoja, jina linaweza kufutwa kwa kuhesabiwa kuwa mwenyewe haonekani.

Hatua ya 4: Tuma. Fungua akaunti kwenye Fast It, tovuti ya huduma za kibalozi za Italia, jaza, chapisha fomu, tia sahihi kwa kalamu, skani, pandisha pamoja na karatasi zako. Ubalozi ulioko Nairobi huipeleka kwa manispaa ya kwao Italia, na manispaa ndiyo inayoandika.

Kabla mzee hajatia sahihi, mwambieni wazi: akiingia AIRE, anapoteza daktari wake wa kawaida wa huduma ya afya ya serikali kule Italia. Mstaafu akienda kutembea hubaki na matibabu ya dharura, mwisho siku 90 kwa mwaka. Wengine wakisikia hivyo huomba kwanza wakazungumze na watoto wao wa kule, na wana haki.

Mke asiye raia wa Italia haandikwi. Watoto wenye uraia wanaandikwa, ila cheti cha kuzaliwa cha Kenya lazima kitafsiriwe na kusajiliwa kwenye manispaa ya baba, kwa hiyo kianzeni mapema.