Kulinganisha mvua na joto la mwezi mmoja na wastani wa muda mrefu: mwongozo kwa wapimaji wa Moshi na Arusha

Aprili inapokwisha, wapimaji wawili wa mvua, mmoja akiwa Kibosho na mwingine Mabogini, wanaweza kutoa taarifa zinazopingana kabisa, wa kwanza akisema mvua za masika zimezidi na wa pili akisema zimepungua, ilhali wote wawili wamesoma vipimo vyao kwa uaminifu. Mara nyingi kasoro haiko kwenye kipima mvua. Iko kwenye wastani walioutumia, kwa kuwa kila mmoja amechukua takwimu za kituo cha Moshi mjini na kuzifanya kipimo cha shamba lililo juu mlimani au kwenye tambarare iliyo chini ya mji. Wastani wa muda mrefu una mahali pake, una miaka yake na una namna yake ya kupimwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzingatia mambo hayo matatu unapoufunga mwezi. Namba za mifano nilizoweka humu ni za kujifunzia tu, si za kituo chochote.

Hatua ya kwanza: pima kama kituo kinavyopima

Joto la hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta zinazopitisha hewa, kikiwa kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, mahali penye nyasi ikiwezekana. Kihisio kilichobandikwa ukutani au chini ya paa la bati hupima joto la ukuta na la bati, na hakuna hesabu itakayoweza kukiponya baadaye.

Kipima mvua kiwe mbali na kizuizi chochote kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Kwa wanaoishi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, sharti hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mgomba haukai ulivyo. Kipima mvua kilichokuwa wazi kabisa mwezi Februari kinaweza kufikia Aprili kikiwa kimefunikwa nusu na jani jipya, na jani hilo linaweza kuzuia manyunyu yasiingie au, likiinama upande wa pili, likamimina maji yote ndani ya chombo. Kagua mazingira yake kila mwanzo wa mwezi na uandike ulichokikata.

Ikiwa unatumia chombo cha kujitengenezea, kumbuka kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya eneo la mita 1 ya mraba. Chombo chenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 12.7 kina eneo la takribani sentimita 126.7 za mraba, kwa hiyo mililita 12.7 za maji ni sawa na milimita 1 ya mvua. Wenye vituo vya kielektroniki vyenye kijiko kinachopinduka wajue kwamba kijiko hicho kwa kawaida husoma pungufu mvua inapokuwa kubwa sana, na mvua za Aprili ndizo hasa za namna hiyo. Weka kando yake kipima mvua cha kawaida cha kusomwa kwa macho, ukilinganishe nacho kila wiki.

Hatua ya pili: funga mwezi bila kuficha mapengo

Vituo vyetu husoma mvua saa tatu asubuhi, nawe usome saa hiyohiyo. Maji unayoyakuta kwenye chombo saa tatu asubuhi ya Aprili 1 yameanguka kwa sehemu kubwa Machi 31 na usiku wa kuamkia Aprili. Uliza kituo unachojilinganisha nacho kinayaandika chini ya tarehe ipi, kisha fuata utaratibu wao, kwa kuwa mvua moja kubwa ya usiku huo inaweza kuhamisha milimita 60 kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine.

Siku ambayo hukusoma iache wazi, usiijaze sifuri. Wanaotumia Excel wawe waangalifu hapa: programu ikikokotoa wastani huziruka nafasi tupu, lakini ikikokotoa jumla huzichukulia kana kwamba hakukunyesha kitu. Kwa wastani wa joto, mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unaelekeza kwamba mwezi usikokotolewe ikiwa siku 11 au zaidi zimekosekana, au ikiwa siku 5 au zaidi zilizofuatana zimekosekana. Kwa jumla ya mvua, sharti ni kali zaidi: siku zote ziwepo, au maji ya siku iliyorukwa yawe yamebaki kwenye chombo na kuhesabiwa pamoja na ya siku iliyofuata.

Ukali huo una sababu. Tuseme wastani wa Aprili wa kituo ni milimita 240 na wewe umepata milimita 186.4, yaani asilimia 78. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu kuwa ni ya wastani. Iliyo pungufu ya asilimia 75 huitwa chini ya wastani na iliyozidi asilimia 125 huitwa juu ya wastani. Mwezi wako basi ni wa wastani. Ungekuwa umesafiri siku moja tu yenye milimita 15, ukamwaga maji bila kuyapima, jumla ingekuwa milimita 171.4, ambayo ni asilimia 71, na ungeutangazia mtaa mzima ukame ambao haukuwapo.

Hatua ya tatu: tafuta wastani na uandike miaka yake

Wastani unaotumika sasa kimataifa ni wa miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020, na hubadilishwa kila baada ya miaka 10. Ule wa 1961 hadi 1990 umehifadhiwa kwa ajili ya kufuatilia mabadiliko ya tabianchi ya muda mrefu. Vipindi vyote viwili ni halali, lakini kwa kuwa dunia imepata joto, mwezi uleule unaweza kuonekana wenye joto zaidi ukipimwa kwa miaka ya zamani kuliko ukipimwa kwa miaka ya karibuni. Chagua kipindi kimoja na usikibadilishe katikati ya mwaka.

Chanzo cha kwanza cha takwimu za vituo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania yenyewe. Ukifika kwao, omba orodha ya jumla za mwezi kwa kila mwaka, si wastani peke yake. Sababu utaiona katika hatua ya sita. Ulizia hapohapo taratibu zinazohusu vituo vya watu binafsi. Kwa mvua, zipo pia takwimu za CHIRPS zinazotayarishwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambazo huunganisha taarifa za setilaiti na vipimo vya vituo. Zinaanzia mwaka 1981, zinapatikana bure, na kila kipande chake, yaani mraba wa ramani unaopewa namba moja ya mvua, ni takribani kilomita 5 kwa 5. Takwimu za ERA5, ambazo hukokotolewa kwa kompyuta kwa dunia nzima, zinarudi nyuma hadi mwaka 1940, lakini kipande chake kina upana wa takribani kilomita 31, na upana huo kwenye Kilimanjaro unaweza kubeba kwa pamoja msitu wenye ukungu na mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Mimi siitumii ERA5 kuhukumu mvua ya kata moja.

Hatua ya nne: uhamishe wastani hadi ulipo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote katika mikoa yetu miwili. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro mvua huongezeka kadiri unavyopanda kutoka tambarare hadi ukanda wa msitu, na umbali wa mwendo mfupi wa daladala hubadilisha hali yote. Arusha nako hali ni hiyohiyo: kiwanja cha ndege kiko Kisongo, magharibi ya jiji, kwa hiyo kipimo cha kiwanja hakiwezi kusemea mashamba ya Usa River yaliyo upande wa pili wa mji, chini ya miteremko ya Meru.

Ikiwa una rekodi zako za miaka michache, tumia uwiano. Jumlisha Aprili zako za miaka 5, kisha ujumlishe Aprili za kituo za miaka hiyohiyo. Tuseme zako ni milimita 1,750 na za kituo ni milimita 1,250. Uwiano ni 1.4. Zidisha wastani wa kituo wa milimita 240 kwa 1.4 na utapata milimita 336, ambao ni makadirio ya wastani wa nyumbani kwako. Sasa Aprili hii ukipata milimita 300, kwa wastani wa kituo umefika asilimia 125, ukingoni kabisa mwa mvua za juu ya wastani. Kwa wastani wa kwako umefika asilimia 89, mwezi wa kawaida ulioelemea upande wa upungufu. Chombo ni kilekile na maji ni yaleyale.

Kokotoa uwiano huo kwa kila mwezi peke yake, kwa kuwa uwiano wa Aprili si lazima ufanane na wa Novemba. Asiye na rekodi za nyuma achukue wastani wa CHIRPS wa kipande chake, augawanye kwa wastani wa CHIRPS wa kipande chenye kituo, kisha azidishe wastani wa kituo kwa jibu hilo.

Kwa joto, kazi ni nyepesi. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo aliye mita 600 juu ya kituo hutarajia pungufu ya takribani nyuzi 3.6. Zaidi ya hapo, mwezi wenye joto kupita kawaida mjini kwa kawaida huwa hivyo pia kijiji cha jirani. Tofauti za joto husambaa mbali. Za mvua hazisambai hivyo.

Hatua ya tano: joto la juu na la chini yahesabiwe mbalimbali

Kwa joto tunatoa, hatugawanyi. Asilimia ya nyuzi joto haina maana yoyote. Tuseme wastani wa joto la juu la mwezi wako ni nyuzi 29.8 wakati wa kawaida ni 28.9, na la chini ni 18.2 wakati wa kawaida ni 18.4. La juu limezidi kwa 0.9 na la chini limepungua kwa 0.2. Anayejumlisha na kugawa kwa mbili ataona ongezeko la takribani 0.35 tu na kusema hakukuwa na jambo, ilhali mchana ulikuwa mkali na usiku ulikuwa na ubaridi kidogo, dalili ya mwezi wenye anga wazi. Kinyume chake hutokea wakati wa kipupwe, mawingu mazito yanaposhinda juu ya mji: mchana hauchangamki, usiku haupoi sana, na wastani wa jumla unabaki palepale.

Usitarajie namba kubwa. Katika ukanda wetu wastani wa joto la mwezi haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 1 ni habari nzito. Ukipata tofauti ya nyuzi 3, kakague kisanduku kwanza.

Hatua ya sita: mvua ipewe asilimia na nafasi

Asilimia peke yake hudanganya, hasa miezi ya vuli, kwa sababu miaka michache ya mvua kubwa mno huvuta wastani juu. Vuli ya mwaka 1997, wakati wa El Niño, na ile ya mwaka 2019 zote zimo ndani ya kipindi cha 1991 hadi 2020. Chukua mfano wa Novemba tano: milimita 40, 55, 60, 70 na 275. Wastani wake ni milimita 100, lakini namba ya katikati ni 60. Novemba yenye milimita 72 itaitwa asilimia 72, chini ya wastani, ingawa imeishinda miaka minne kati ya mitano. Mkulima anayeiangalia mahindi yake hatakuelewa, na atakuwa na haki.

Ndiyo maana niliagiza uombe orodha ya kila mwaka. Panga miaka 30 kuanzia yenye mvua ndogo hadi kubwa, igawe katika mafungu matatu ya miaka 10, kisha uone mwezi wako unaangukia fungu lipi na ni wa ngapi. Ikiwa orodha ni ya kituo, gawa kwanza jumla yako kwa uwiano wa hatua ya nne. Hesabu pia siku zenye milimita 1 au zaidi, kwani milimita 150 zilizokuja kwa siku 3 na zilizokuja kwa siku 14 si mwezi wa aina moja.

Hatua ya saba: andika taarifa

Taarifa iwe fupi, lakini isikose kituo, kipindi na njia. Kwa mfano: "Kibosho, Aprili: mvua milimita 300.0, siku 17 zenye milimita 1 au zaidi. Asilimia 89 ya wastani uliokadiriwa kwa uwiano wa miaka 5 na kituo cha Moshi, 1991 hadi 2020. Fungu la kati. Hakuna siku iliyokosekana." Kueleza yaliyopita kunatosha, utabiri na tahadhari ni kazi ya Mamlaka.

Hifadhi karatasi ya kila siku pamoja na taarifa hiyo, kwa kuwa uwiano wa miaka 5 ni wa kuanzia tu. Miaka ikiongezeka, ukokotoe upya, na unapoubadilisha, rekebisha taarifa zote za nyuma pamoja na ya mwezi wa mwisho.