Kuacha gongo kabla mabibo hayajaanguka

Anayetaka kuacha gongo Tandahimba, Newala au Nachingwea asisubiri msimu wa korosho upite. Aanze wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, mfuko ukiwa mkavu, ili mabibo, yaani matunda ya mkorosho yanayopikiwa gongo, yakianza kuanguka awe na miezi kadhaa ya kuishi bila pombe.

Kabla ya siku ya kwanza, jipime. Asubuhi, kabla ya kuzimua kwa glasi ya kwanza, nyoosha mikono mbele, tanua vidole, tandaza karatasi juu yake. Ikitetemeka, na mtetemo huo huisha ukipata glasi, usiache ghafla nyumbani. Vilevile kama uliwahi kuanguka degedege ulipokosa pombe. Ubongo unaopoozwa na pombe kila siku hujiongezea kasi ili usizimike. Pombe ikikatwa ghafla, kasi inabaki bila breki. Jasho, kichefuchefu na mtetemeko huanza saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho. Degedege, kwa wanaoipata, huja zaidi ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, homa hupanda. Si majini, hajarogwa, na hali hiyo huua: ukipoteza siku kwa mganga unaweza kumpoteza mtu.

Mwenye dalili hizo mpelekeni hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au hospitali yoyote iliyo karibu, na msifiche kitu: anakunywa kila siku, kiasi gani, ya mwisho jana saa 2 usiku. Daktari hupanga dawa kwa saa hizo. Ulizeni pia kuhusu vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa miaka mingi mara nyingi huwa amepungukiwa nayo, na dripu ya sukari bila hiyo inaweza kuumiza ubongo. Diazepamu ya kujinunulia dukani msiiguse. Ikichanganyika na gongo inaweza kukata pumzi.

Kwa anayetumia unga (heroini), arosto, yaani mateso ya kuukosa, huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho na hukaza siku ya pili na ya tatu. Inatesa mno. Ila hatari kubwa iko mbele: baada ya wiki chache bila unga mwili umeshapoteza uzoefu, na kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumuua.

Mwili ukitulia, ndipo kazi ya kichwa inapoanza. Harufu ya mabibo yaliyochacha chini ya mkorosho, kelele za kilabuni jioni, meseji ya benki kwamba malipo ya mnada wa korosho yameingia: ubongo umeshayafunga haya pamoja na glasi, na kiu huja kabla hujawaza. Hiyo kiu hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Ukiipa glasi, umeifundisha kurudi.

Kwa hiyo andika mapema, kwa maneno yako: “Meseji ikiingia, nampigia kaka, tunakwenda benki pamoja, ada na deni la salfa vinalipwa siku hiyohiyo, tunarudi kwa njia isiyopita kilabuni.” Mpango wa “nitajikaza” hauna miguu. Na kiu ikija, kula kwanza, hata kipande cha muhogo. Njaa, hasira, upweke na uchovu huifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Ndugu, acheni kumwita mlevi au teja mbele ya watoto. Aibu ndiyo inayomtoa nyumbani jioni.

Akiteleza glasi moja, wazo la kuogopa ni “nimeshaharibu”, kwani ndilo linalomaliza dumu zima. Siku hiyohiyo kaeni naye mpitie: ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, nini kilitangulia, kisha mpango urekebishwe hapo palipovuja. Lakini kama amekunywa kila siku kwa siku kadhaa na mikono imeanza kutetemeka tena, mrudisheni hospitali kabla hajaacha mara ya pili.