Mikono inawasha kazini? Mtafute mwizi wa juzi

Nasimamia wahudumu wa vyumba hotelini, Unguja. Mikono ikiwasha leo, mtu hulaumu sabuni aliyoishika leo. Lakini upele wa mzio wa manukato kwa kawaida hutoka saa 24 hadi 72 baada ya kugusa, kwa hiyo mwizi ni wa juzi. Wala usiseme "hii nimeitumia miaka mitano". Ngozi huweza kukataa ghafla ilichokizoea.

Hatua ya 1: Angalia upele ulipo. Ukianzia katikati ya vidole na chini ya pete, mara nyingi ni maji na sabuni tu vimechubua ngozi. Ukitokea kwapani, shingoni au kwenye kope, ishuku harufu.

Hatua ya 2: Wiki mbili, kila jioni, andika ulichoshika, hata losheni yako na sabuni ya kufulia sare. Siku za mapumziko zitie alama: je, upele ulipoa?

Hatua ya 3: Soma lebo. Tafuta majina haya ya manukato: "parfum", "limonene", "linalool", "eugenol". Hiyo ya mwisho ndiyo harufu ya karafuu yetu, kwa hiyo neno "asilia" lisikupumbaze. Limonene na linalool huzidi ubaya zikipigwa na hewa. Chini ya ngazi zetu niliwahi kukuta dumu la sabuni ya limau lisilo na kifuniko, limezibwa kwa mfuko wa nailoni, na wote tukichota humo. Nililimwaga.

Hatua ya 4: Losheni unayoishuku ipake ndani ya kiwiko, mahali padogo kama sarafu, asubuhi na jioni, siku 7 hadi 14. Ikiwasha, acha. Sabuni ya kudekia usiijaribu hivi kamwe. Itakuunguza hata kama huna mzio.

Hatua ya 5: Nenda kwa daktari wa ngozi na daftari lako na picha za lebo. Kipimo chenyewe ni vibandiko mgongoni kwa saa 48, bila kulowa, kisha husomwa tena siku chache baadaye. Krimu za mchanganyiko (steroidi pamoja na dawa za fangasi na bakteria) za kujinunulia duka la dawa zinaficha upele tu.

Huku ukisubiri, vaa glavu za pamba ndani ya zile za naitrili, upake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Ya watoto yanusie kwanza, mengi yametiwa marashi.

Kwa msimamizi usiende na "sabuni inaniwasha". Nenda na jina la kiambato. Mimi nikiletewa jina, nampigia muuzaji siku hiyohiyo.